Pilipili kali Kericho na Bomet: Panda kwa ndoo, pika kwa akili, na chai uiache shambani

Shuka matatu stage ya Kericho jioni, mvua inanyesha kama kawaida yake. Kabla ujifute maji usoni, msee wa smokie ashapasua, ashajaza kachumbari na anakuuliza swali moja tu: "Pilipili niweke?"

Sasa fikiria. Chai ni ya hapa. Maziwa ni ya hapa. Sukuma na managu utachuma nyuma ya nyumba. Lakini ni boma ngapi kati ya Litein na Mogogosiek ziko na mti wa pilipili unaozaa? Wengi walijaribu. Walirusha mbegu kando ya chai, zikaota tatu, majani yakageuka manjano, maua yakaanguka na stori ikaishia hapo. Wakasema huku hazikubali.

Zinakubali, msee. Ila pilipili ni mgeni kutoka nchi za joto, na mgeni humwachi alale nje kwa baridi. Hii hapa rada yote, kutoka mbegu hadi sahani.

Tuelewane kwa majina

Kenya tukisema "hoho" tunamaanisha ile kubwa ya kupikia, isiyo na ukali. Ukifungua kamusi za zamani utapata pilipili hoho ndiyo kali yenyewe, na ile tamu inaitwa pilipili mboga. Pilipili manga, ile nyeusi ya kusaga, ni mmea mwingine kabisa.

Pilipili kali zote asili yake ni bara la Amerika. Wareno ndio walizisambaza pwani yetu kuanzia miaka ya 1500, na kutoka hapo zikapanda bara.

Ukali hupimwa kwa kipimo cha Scoville, kilichobuniwa na mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville mwaka wa 1912. Hoho ni 0. Pilipili ndefu, zile za kijani au nyekundu zinazouzwa kwa mafungu sokoni, hucheza kati ya 30,000 na 50,000. Pilipili kichaa, zile ndogo zinazosimama zikitazama juu, ni 50,000 hadi 100,000, wakati mwingine zaidi. Pilipili mbuzi, zile zilizokunjana kama taa ya karatasi, ni 100,000 hadi 350,000. Hiyo ya mwisho si ya kujaribu kwa dare.

Kwa nini zinakataa kando ya chai

Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni baridi. Kericho mjini na sehemu za juu za Bomet ziko kama mita 2,000 juu ya bahari, na usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 10. Mbegu ya pilipili inataka nyuzi 25 hadi 30 ndiyo iamke haraka. Usiku ukiwa chini ya nyuzi 13 hivi, maua huanguka kabla ya kushika tunda.

Ya pili ni udongo. Chai hupenda udongo wenye asidi, pH ya 4.5 hadi 5.6. Pilipili inataka 6.0 hadi 6.8. Yaani udongo ule ule unaolisha chai ndio unainyima pilipili chakula.

Ya tatu ni maji. Mvua ya huku ni nyingi na mizizi ya pilipili haipendi kukaa kwa matope. Halafu kuna mvua ya mawe, ambayo ukanda huu wa Kericho na Nandi unajulikana nayo duniani. Dakika kumi tu na mti umebaki vijiti.

Kama uko chini upande wa Soin, au Chepalungu kule Sigor na Chebunyo, hali ni tofauti. Kuna joto, na unaweza kupanda moja kwa moja shambani. Maelezo yafuatayo ni ya wasee wa juu, kwenye chai yenyewe.

Ndoo ndiyo siri

Tafuta ndoo kuukuu ya rangi ya lita 20, ioshe vizuri, toboa mashimo matano au sita chini. Ikiwa nyeusi ni poa zaidi, inashika joto. Mti mmoja, ndoo moja. Hata kama unaishi keja ya kupanga au laini za estate, ndoo haihitaji shamba.

Changanya udongo hivi: sehemu mbili za udongo wa juu ambao haujatoka kwenye chai, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa, na nusu sehemu ya mchanga. Kisha ongeza konzi moja ya majivu ya kuni kutoka jikoni. Majivu hupunguza asidi na huleta potasiamu na kalisi. Kama huna majivu, tumia vijiko viwili vya mezani vya chokaa ya kilimo kutoka agroveti. Chagua kimoja, usiweke vyote viwili.

Mahali pa kuweka ndoo ni ukuta unaotazama mashariki, chini ya ukingo wa mabati. Jua la huku ni la asubuhi. Mchana mawingu yanajaa kutoka upande wa ziwa na mvua inashuka. Ukuta unashika joto la asubuhi na kulirudisha usiku. Mabati nayo yanazuia mvua ya mawe. Ukuta wa jikoni ukiwa na moto upande wa pili, hapo umefika.

Kalenda

Mwezi wa nane, panda mbegu kwenye mkebe au trei ndani ya nyumba, karibu na jiko lakini si juu yake. Fukia nusu sentimita tu, funika na nailoni. Ndefu huota baada ya wiki mbili hivi. Mbuzi na kichaa zinaweza kuchukua mwezi mzima, kwa hivyo usizitupe mapema.

Zikiota, toa nailoni na uzipe mwanga. Wengi hukosea hapa: wanamwagilia kila siku, miche inaoza shingo na kulala chini. Subiri udongo wa juu ukauke kwanza.

Mwezi wa kumi, zikiwa na majani sita hadi nane, hamishia kwenye ndoo. Maua yatakuja kuelekea Desemba, na hapo unaingia kwenye miezi yetu yenye jua zaidi, Desemba hadi Februari. Tikisa matawi polepole maua yakifunguka, chavua ianguke. Tunda likishakua huiva wiki kadhaa baadaye. Huku juu usiharakishe. Mti ule ule ukiutunza utakuzalia mwaka wa pili na wa tatu.

Kwa mara ya kwanza anza na ndefu. Mbuzi ndiyo inalia baridi zaidi. Kuna aina moja ya milima ya Andes, rocoto, yenye mbegu nyeusi na maua ya zambarau, ambayo huvumilia ubaridi kuliko zingine. Ukiipata, imezaliwa kwa hali kama hii.

Mbolea ya chai hapana

Hii ndiyo inaua pilipili nyingi kwa boma za wakulima. Kuna gunia la NPK 26:5:5 pale stoo, mtu anaona si mbaya kuiba kijiko kimoja. Hiyo 26 ni naitrojeni, na imewekwa kwa sababu chai inavunwa majani. Ukiipa pilipili utapata majani mazuri ya kupiga picha na tunda hakuna. Juu ya hayo inaongeza asidi ile ile uliyokuwa unapunguza na majivu. Samadi kidogo kila mwezi inatosha.

Wadudu wakubwa ni vidukari chini ya majani. Wapulizie maji yenye sabuni kidogo ya kuosha vyombo, jioni. Majani yakijikunja na mti ukidumaa bila kupona, huenda ni virusi. Ng'oa uchome kabla haujaambukiza jirani yake. Tunda likioza kitako, mara nyingi ni umwagiliaji wa leo mafuriko, kesho ukame.

Je, ung'oe chai upande pilipili?

Tuongee ukweli hapa. Bonasi za chai za magharibi mwa Bonde la Ufa zimekuwa chini kuliko za Mlima Kenya, na kila Oktoba watu wanakasirika. Ndipo anatokea mtu na simu yenye picha, anakuambia pilipili kichaa zinauzwa ng'ambo, ng'oa mistari kadhaa ununue miche yake.

Jiulize swali moja: utazikaushia wapi? Kichaa ya biashara huuzwa sana ikiwa kavu, na hukaushwa vizuri mahali penye jua la siku nzima. Huku mvua ya saa tisa itazikuta kwenye turubai. Pilipili iliyolowa huota ukungu, ukungu unaweza kuleta sumu ya aflatoxin, na mzigo wa namna hiyo hakuna mnunuzi anaupokea. Chai nayo ukishaing'oa, kuirudisha hadi uchume vizuri ni miaka. Ndoo sita ukutani zitalisha nyumba yako na kibanda cha jirani. Anzia hapo, uone soko likoje, na chai iendelee kuleta malipo ya mwezi.

Sasa jikoni

Kwa sababu kukausha ni shida, hifadhi pilipili zikiwa mbichi.

Sosi ya mezani: chukua pilipili 10 nyekundu, nyanya 3, kitunguu 1, saumu punje 4. Katakata, chemsha na nusu kikombe cha siki na kijiko kidogo cha chumvi kwa dakika 20. Fungua madirisha, mvuke wake ni noma kwa kifua. Saga au ponda, mimina kwenye chupa iliyochemshwa, weka kwa friji. Maliza ndani ya wiki mbili. Saumu na pilipili mbichi ndani ya mafuta matupu, zikikaa kabatini, zinaweza kuzaa sumu hatari. Siki ndiyo inakulinda.

Ya ndimu: jinsi wanavyofanya pwani. Kata ndimu vipande vinne vinne, changanya na pilipili nzima na chumvi nyingi ndani ya chupa, weka kwenye jua la asubuhi kila siku hadi ganda lilainike. Kipande kimoja na kimyet na nyama, utaomba kingine.

Ya kunukia bila kuwaka: tumbukiza pilipili mbuzi moja, nzima, haijakatwa, kwenye githeri au maharagwe dakika 15 za mwisho. Itoe kabla haijapasuka. Watoto na kogo watakula bila machozi, na harufu yote imebaki.

Ukitaka kupunguza ukali, kwangua ule utando mweupe wa ndani. Ukali mwingi uko hapo. Mbegu zinaonekana kali kwa sababu zimegusana nao.

Ikikuchoma

Maji hayasaidii. Kapsaisini, kemikali ya ukali, haiyeyuki vizuri kwa maji. Unaisambaza tu mdomoni. Kunywa maziwa. Protini ya maziwa huishika na kuiondoa, kwa hivyo kikombe cha mursik ni dawa iliyoko nyumbani tayari. Mikono ikiwaka, paka mafuta ya kupikia kwanza, kisha osha na sabuni. Usiguse macho, na usimbebe mtoto kabla ya kuosha.

Na ile stori ya kwamba pilipili huleta vidonda vya tumbo? Chanzo kikuu ni bakteria wa Helicobacter pylori na dawa za maumivu za kumeza ovyo. Barry Marshall na Robin Warren walipata Nobeli ya 2005 kwa kugundua huyo bakteria. Lakini kama tayari unavyo na pilipili inakuuma, iache, na uende hospitali.

Mwaka ujao

Acha tunda moja zuri liive kabisa mtini. Toa mbegu, zianike kwenye gazeti ndani ya nyumba hadi zikauke, zifunge kwa karatasi na uandike jina. Kama ulipanda hoho karibu, matunda ya mwaka huu hayabadiliki, lakini mbegu zinaweza kuwa zimechanganyika, na hoho ya mwakani inaweza kukushangaza mbele ya wageni. Tenganisha ndoo zao, na za kuzidi mpe jirani. Mvua ya mawe ikikupitia siku moja, utajua pa kuziomba.