Safari ya Buluu ya Pwani ya Uturuki

Mavi Yolculuk, yaani Safari ya Buluu, ni jina ambalo Waturuki wameipa safari ya mapumziko kwa jahazi kando ya pwani yao ya kusini-magharibi, kutoka Bodrum na Marmaris hadi Fethiye na Kekova. Abiria hulala chomboni, huogelea katika ghuba zilizozungukwa na misonobari, na hushuka pwani kutazama magofu ya kale. Biashara hii, ambayo leo ni kubwa, chanzo chake ni hukumu ya mahakama.

Mwaka 1925 mwandishi Cevat Şakir Kabaağaçlı alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu mjini Bodrum kwa makala aliyoandika kuhusu askari watoro. Bodrum ya siku hizo ilikuwa makazi ya wavuvi na wazamiaji wa sifongo, na kupelekwa huko kulitosha kuwa adhabu. Mfungwa, hata hivyo, aliupenda mji. Alipohamishiwa Istanbul kumalizia kifungo chake, alingoja siku zake ziishe kisha akarudi Bodrum kwa hiari. Alivua samaki, akapanda miti, akaandika hadithi kwa jina la Mvuvi wa Halikarnaso. Halikarnaso ndiyo Bodrum ya kale, alikozaliwa mwanahistoria Herodoto, na ndiko lilikokuwa kaburi la mtawala Mausolo, mojawapo ya maajabu saba ya dunia. Mawe ya kaburi hilo yamo katika ngome waliyoijenga wapiganaji wa Kikristo kutoka Rhodes, ambayo bado imesimama bandarini.

Katika miaka ya 1940 Mvuvi alianza kuwachukua baharini rafiki zake, akiwemo mwandishi Sabahattin Eyüboğlu na baadaye Azra Erhat, mmoja wa waliomtafsiri Homeri kwa Kituruki. Walisafiri kwa mashua za wazamiaji wa sifongo, wakila mkate mkavu na jibini na kulala juu ya sitaha. Hapakuwa na anasa yoyote. Kitabu cha Erhat, *Mavi Yolculuk*, kilitoka mwaka 1962 na kuieneza safari hiyo nchini kote.

Wazamiaji wenyewe hawajapewa sifa wanayostahili. Ndio waliowaonyesha wanaakiolojia mahali zilipozama meli za kale. Mwaka 1982 mmoja wao aliona vipande vya shaba chini ya maji karibu na Kaş, penye rasi ya Uluburun. Uchimbaji wa miaka 1984 hadi 1994 uliibua shehena ya karne ya 14 KK: takriban tani 10 za shaba, bati, vipande vya kioo, pembe za ndovu, na magogo meusi ambayo wataalamu waliyatambua kuwa mpingo, mti uleule wanaouchonga Wamakonde.

Ugonjwa ulioenea Mediterania mwaka 1986 uliangamiza sifongo nyingi, lakini utalii ulikuwa umekwisha kuwapa mafundi na mabaharia kazi nyingine. Karakana za Bodrum na Bozburun zilitengeneza gulet, chombo cha mbao chenye kwa kawaida milingoti miwili na tezi pana, zikakiongezea vyumba vya kulala, vyoo na jiko. Gulet nyingi siku hizi huenda kwa injini, na matanga hubaki yamefungwa mlingotini kama mapambo. Anayetaka safari ya Mvuvi na wenzake amuulize nahodha mapema, kabla ya kulipa, kama tanga litatwekwa.