Mbwa wa Madras: Historia ya Kuhasi Badala ya Kuua

Kuhasi, yaani kumwondolea mnyama dume korodani ili asizalishe, ni kazi ambayo wafugaji wameifanya kwa maelfu ya miaka ili wapate maksai wa kulima na mbuzi wanaonenepa upesi, na Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika hata juu ya nguruwe majike waliopasuliwa ili kuzima hamu yao ya kupandwa na kuwanenepesha. Hata hivyo, wazo la kuwafanyia hivyo mbwa wasio na mwenyewe, kwa ajili ya afya ya binadamu, ni la juzi tu, na historia yake inaonekana vizuri Madras, jiji la kusini mwa India ambalo tangu 1996 linaitwa Chennai.

Kwa mujibu wa Blue Cross of India, chama cha kutetea wanyama kilichoanzishwa jijini humo mwaka 1959 na rubani V. Sundaram na mkewe Usha, halmashauri ya Madras ilianza kuua mbwa wa mitaani katika miaka ya 1860, chini ya utawala wa Waingereza, na kufikia 1995 waliouawa walifikia 135 kwa siku, wala mbwa hawakupungua mitaani. Sababu si fumbo: mbwa jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi na huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na kwa kuwa kila mtaa wenye jalala hulisha idadi fulani ya mbwa, wanaoondolewa hurithiwa upesi na watoto wa waliosalia au na wageni wa mtaa wa pili, ambao hawajachanjwa.

Mwaka 1964 Blue Cross ilipendekeza njia nyingine. Mbwa angekamatwa, angepigwa nusukaputi na kufanyiwa upasuaji, dume akiondolewa korodani na jike akiondolewa ovari, yaani viungo vinavyotoa mayai, pamoja na mji wa mimba. Kisha angechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, angekatwa alama ndogo sikioni ili asikamatwe tena bure, na kurudishwa palepale alipotolewa. Hilo la kumrudisha ndilo lililowashangaza wengi, ingawa ndilo kiini cha mpango wote, maana mbwa aliyechanjwa hulinda eneo lake dhidi ya mbwa wageni. Halmashauri ilikubali mwaka 1996 tu, baada ya zaidi ya miaka 30 ya ushawishi. Ni muda mrefu mno kwa mji uliokuwa ukiona kila siku kwamba kuua hakusaidii.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Jaipur, kaskazini mwa nchi, ambako shirika la Help in Suffering lilihasi na kuchanja mbwa 24,986 kati ya Novemba 1994 na Desemba 2002. Kwa muda huo asilimia 65 hivi ya majike walifikiwa, idadi ya mbwa ilipungua kwa asilimia 28, na wagonjwa wa kichaa cha mbwa miongoni mwa binadamu wakaisha kabisa katika eneo la mpango, huku wakiongezeka kwingineko.

Serikali ya India iliifanya njia hiyo kuwa kanuni ya nchi nzima mwaka 2001, ikaibadilisha kwa kanuni mpya mwaka 2023, lakini kanuni haihasi mbwa: miji mingi haikuwa na madaktari wa mifugo wala fedha za kufikia asilimia 70 ya mbwa, kiwango ambacho wataalamu hukihesabu kuwa cha lazima, na lawama zikaangukia upasuaji badala ya uvivu wa halmashauri. Agosti 2025 Mahakama ya Juu iliamuru mbwa wote wa mitaani wa Delhi wafungiwe mabandani, kisha siku chache baadaye, tarehe 22, ikalegeza amri hiyo na kuruhusu waliohasiwa na kuchanjwa warudishwe mitaani, isipokuwa wenye kichaa na wakali.