Uzi, Kiondo na Maneno Yake: Juu ya Kuonyesha Urithi wa Ufumaji Nyeri na Nanyuki

Makala haya yanakusudia kujadili swali moja: historia ya ufumaji katika miji iliyo chini ya Mlima Kenya yafaa ionyeshwe vipi kwa umma? Jibu la haraka ni kuanza na kiwanda. Mjini Nanyuki, katika miaka ya 1970, kulikuwa na kiwanda cha Mount Kenya Textiles, maarufu kwa jina la Mountex. Habari za kudhoofika kwa viwanda vya nguo nchini Kenya, hasa baada ya mitumba kufunguliwa soko katika miaka ya 1990, zinajulikana na wengi. Mitambo na picha za wafanyakazi zaweza kuujaza ukumbi. Lakini ukumbi huo utamfundisha mtazamaji kwamba uzi ulifika huku pamoja na mitambo. Na hilo si kweli.

Kabla ya Waingereza kuanzisha kituo chao Nyeri mwaka 1902, vazi la Wagikuyu lilikuwa ngozi iliyokwanguliwa na kulainishwa kwa mafuta. Hata hivyo, wanawake walijua kusokota. Walichuna gome la mugio, wakatenganisha nyuzi zake, wakazisokota juu ya paja, kisha wakasuka kiondo kuanzia kitako kwenda juu, pasipo kitanda cha mfumi. Nguo ya pamba ilikuja baadaye, kwa njia ya maduka na misheni. Wala mashine haikuuzima mkono: mwaka 1977 wanawake wa Kanisa la Presbyterian mjini Nanyuki walianzisha Nanyuki Spinners and Weavers, wakisokota sufu ya kondoo na kuifuma kwa mikono yao.

Mfuatano huo ndio unaopasa kuongoza mpangilio wa maonyesho: ngozi, gome, pamba, sufu. Mahali pa kufaa papo. Makumbusho ya Nyeri, huko Ruring'u, yamo katika jengo la mahakama ya Waafrika lililojengwa mwaka 1924. Kwa maoni yetu, mambo matatu yazingatiwe.

Kwanza, kitu kisionyeshwe kikiwa kimekamilika tu. Kando ya kiondo kizima pawekwe gome, nyuzi, na kitako kilichoanzwa, ili kazi yenyewe ionekane. Pili, vitu vya kale vilindwe na mwanga. Usizidi luksi 50, maana rangi ya uzi ikipauka hairudi. Lakini pawepo pia kiondo kipya cha kushikwa, kwa kuwa ufundi huu hujulikana kwa vidole kabla ya macho.

Tatu, na hili ndilo kubwa, neno lihesabiwe kuwa kielelezo sawa na kitu. Kibandiko kinachosema "kikapu cha mwanamke" kimesema kidogo mno. Wagikuyu husema kĩondo na ciondo. Kiswahili kimelipokea neno hilo bila taabu na kusema kiondo na vyondo, kwa sababu lilikuja na kiambishi kinacholandana na chake. Vivyo hivyo, Kiswahili cha pwani kiliita amerikani kitambaa kilicholetwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19. Jina moja limebeba safari ya bahari nzima. Mtande na mshindio nayo ni maneno ambayo vijana wengi hawayasikii tena, kwa kuwa hawaioni kazi inayoyatumia.

Kwa hiyo, mwandalizi wa maonyesho na aende Gakindu na masoko mengine ya Mukurweini kabla ya kwenda kwa seremala wa makabati. Awaulize akina mama wazee jina la kila hatua ya kazi, na ayaandike kwa Kigikuyu na kwa Kiswahili. Kiondo kikihifadhiwa vizuri chaweza kudumu miaka mingi katika kabati. Lakini jina la fundo lake, lisipoulizwa leo, litazikwa pamoja na anayelijua, na kabati litabaki na kitu kisicho na ulimi.