Kijiko Kutoka Gogo: Uchongaji wa Wamunyu

Kabla ya kuchonga twiga na simba wa kuuza, Wakamba walichonga vijiko, miiko na vigoda vya nyumbani. Hapa Wamunyu, Machakos, husimuliwa kuwa mchongaji Mutisya Munge alipanua ufundi wake Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918), akarudi kuwafundisha jamaa zake.

Mwanagenzi haanzi na tezo. Huanza na msasa, akilainisha vijiko vya fundi wake, hadi vidole vizoee umbo. Ndipo hupewa tezo na kipande cha mti mbichi. Kwanza atazame nyuzi za mti: zifuate urefu wa mpini; zikikatiza, kijiko huvunjika shingoni. Maneno ni machache. Fundi huchonga, kijana hutazama, kisha huiga. Kazi ngumu kuliko zote ni kukomba sehemu ya kuchotea, kwani pigo moja la ziada hutoboa. Ni ustadi unaostahili bei kubwa kuliko inayotolewa sokoni.

Kijiko hukaushwa kivulini, maana jua hukipasua. Mzeituni mwitu ulipendwa kwa mistari yake. Ulipoadimika, wachongaji wengi waligeukia mwembe, mwarobaini na mjakaranda.