Nani Aruhusiwe Kuchonga Jino?

Mwaka 1885 daktari wa meno C. Edmund Kells wa New Orleans alimwajiri Malvina Cueria awe msaidizi wake. Enzi hizo mwanamke wa heshima wa Marekani hakwenda kutibiwa meno bila kusindikizwa na mume au mtumishi. Alipokuwepo Malvina, wanawake walianza kuja wenyewe, na baadaye madaktari wengine wakaweka dirishani tangazo kwamba ndani yumo msaidizi wa kike. Kupokea wagonjwa, kuosha vifaa, kukoroga dawa ya kuziba jino: hayo hayakumkosesha usingizi mtunga sheria yeyote. Ugomvi ulianza msaidizi alipoingiza mkono kinywani mwa mgonjwa.

Huko Bridgeport, Connecticut, Dk. Alfred Fones alimfundisha binamu na msaidizi wake, Irene Newman, kukwangua ugaga na kung'arisha meno. Hiyo ilikuwa 1906. Mwaka uliofuata sheria ya jimbo ilirekebishwa: wasaidizi wasio na leseni walikatazwa tiba ya meno, ila wakaachiwa kusafisha. Sheria ya 1915 ikaenda mbali zaidi, ikaanzisha leseni kwa wasafishaji hao na kuwachorea mpaka. Waondoe ugaga na madoa kwenye sehemu ya jino iliyo wazi, na chini kidogo tu ya ukingo wa ufizi. Penye ugonjwa wasiguse. Tena wawe chini ya usimamizi wa daktari mwenye leseni. Si kila siku waheshimiwa wabunge huketi kupima ufizi.

New Zealand haikuwa na woga huo. Kuanzia 1921, chini ya Thomas Hunter, wasichana walifunzwa miaka miwili kisha wakapelekwa shuleni kuchonga na kuziba meno ya watoto, bila daktari kuwasimamia kitini.

Massachusetts ilitaka kuonja. Mwaka 1949 jimbo liliruhusu kliniki ya watoto ya Forsyth, mjini Boston, ifanye majaribio ya namna hiyo. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kikaja juu, na 1950 ruhusa ikafutwa. Forsyth ilijaribu tena 1972, na kazi ya wanafunzi ikakaguliwa na kuonekana haipungui ile ya madaktari. Haikusaidia kitu. Mwaka 1974 mradi ulisimamishwa kwa hoja kwamba anayechonga jino bila leseni ya udaktari anavunja sheria, hata akichonga vizuri. Ni vigumu kuamini kwamba usalama wa watoto ndio pekee uliokuwa ukilindwa.

Siku hizi sheria za majimbo huuliza pia daktari yuko wapi. California, kwa mfano, hutenganisha kazi ambazo ni lazima daktari awepo jengoni msaidizi anapozifanya, na zile anazoweza kuagiza kisha akatoka zake. Kutambua ugonjwa na kupanga tiba hubaki kwa daktari.

Alaska ndiko mambo yalikogeuka. Vijiji vyake vya wenyeji, vingi havifikiki kwa barabara, vilikuwa na uhaba mkubwa wa madaktari wa meno. Hivyo vijana wenyeji walipelekwa kusomea New Zealand. Waliporudi wakaanza kuziba na kung'oa meno, huku daktari akiwasimamia akiwa mbali. Chama kilekile kikaenda mahakamani mwaka 2006, na mwaka uliofuata jaji akaamua kwamba waendelee na kazi.