Jina la Bethlehemu na Hatari ya Kufasiri kwa Sauti

Jina Bethlehemu, kama liandikwavyo katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, limeundwa kwa maneno mawili ya Kiebrania: beth, yaani nyumba, na lehem, yaani mkate. Maana hiyo yaafikiana na Kitabu cha Ruthu, ambamo njaa yamhamisha Elimeleki kutoka mji huo, na habari za chakula zamrudisha Naomi. Waarabu huuita Bait Lahm, na kwao lahm ni nyama. Mzizi ni mmoja, maana ni mbili. Kiswahili nacho kimeyapokea maneno hayo kwa njia ya Kiarabu: bait imekuwa ubeti wa shairi, na lehemu ni madini ya kuungia vyuma. Afasiriye kwa sauti tu atapata “ubeti wa lehemu”, upuuzi mtupu.

Funzo hili lawahusu wakusanyao majina ya nchi yetu. Ilomba, mjini Mbeya, lafanana na kitenzi omba, ambacho katika lugha nyingi za Kibantu ni lomba. Lakini kufanana si ushahidi. Kabla ya kuandika “mahali pa maombi”, mtafiti na awaulize Wasafwa, wenyeji wa nchi ile, matamshi yao na habari za mahali hapo. Kwani kosa likishapigwa chapa hugeuka kuwa mapokeo.