Nani alikausha mvua ya Sahel?

Wengi wetu tulijifunza hii jibu kwenye jeografia ya sekondari: Sahara inashuka kusini juu ya wafugaji wenye ng'ombe na mbuzi wengi kupita kiasi. Mimi niliiandika kwenye mtihani na nikapewa pointi zote. Lakini ilitoka wapi?

Ukame wa Sahel ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960. Kufikia 1972 na 1973, toka Senegal mpaka Chad, mifugo ilikufa na watu wakafa njaa. Juu ya nini mvua ilikatala?

Mwaka 1975 Jule Charney, profesa wa MIT kule Marekani, akaleta maelezo. Kila kitu kinarudisha juu sehemu ya mwanga wa jua; hiyo njo wataalamu wanaita albedo. Dunia nzima inarudisha karibu 30 kwa mia, sana sana kwa kazi ya mawingu. Mchanga mkavu unarudisha mwanga kuliko majani. Basi mifugo ikimaliza majani, mwanga mwingi unarudi, hewa ya pale inapoteza joto na kushuka chini, na hewa isiyopanda haileti mvua. Mvua ikikosa, majani nayo hayaoti tena.

Charney na wenzake waliweka wazo hilo ndani ya modeli ya kompyuta: wakapandisha albedo ya Sahel toka 14 mpaka 35 kwa mia. Ukanda wa mvua ukasogea kusini, na mvua ya Sahel ikapungua karibu 40 kwa mia.

Hapa tusimame kidogo. Kompyuta haikuona mbuzi hata mmoja. Ile 35 iliwekwa na watu, ni kusema: tuseme majani yote yamegeuka jangwa, itakuwaje? Lilikuwa swali zuri. Lakini wazo lilitembea mbio kuliko hesabu yake. Mwaka 1977 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi juu ya kuenea kwa jangwa, na lawama ya malisho ikaingia kwenye mipango ya serikali na vitabu vya shule. Baadaye picha za satelite zilionyesha kwamba mpaka wa majani unapanda kaskazini mwaka wa mvua na kushuka mwaka wa ukame. Haukuwa unatembea upande mmoja tu.

Mwaka 1986 Chris Folland na wenzake, Uingereza, walionyesha kwamba mvua ya Sahel inafuata joto la bahari. Mwaka 2003 Alessandra Giannini na wenzake waliipa modeli joto la bahari tu, 1930 mpaka 2000. Bila mfugaji yeyote ndani, ukame ukatokea kwa wakati wake.

Na bahari, nani aliibadilisha? Sehemu moja ni tabia yake yenyewe. Sehemu nyingine ni albedo tena, lakini ya mawingu! Mwaka 2002 Leon Rotstayn na Ulrike Lohmann walieleza namna salfa ya moshi wa viwanda vya Ulaya na Amerika ya Kaskazini ilifanya mawingu yawe meupe zaidi. Kaskazini ikapoa kuliko kusini, na ukanda wa mvua hufuata upande wenye joto. Kumbe asiyekuwa na kiwanda njo alibebeshwa kosa.

Charney hakukosea fizikia. Majani yakikauka, ukame unarefuka kweli. Alichokosa ni vipimo.

Na siye Congo? Huo ukanda wa mvua unapita juu yetu mara mbili kwa mwaka. Modeli nyingi bado zinauweka vibaya: kwenye Pasifiki zinachora mikanda miwili, wa kusini ukizidi ule wa kweli. Mwaka 2013 Hwang na Frierson walifuatilia kosa hilo mpaka kwenye mawingu yanayopungua ndani ya modeli juu ya bahari ya kusini, kule karibu na Antaktika. Kwa bonde la Congo modeli zinapingana sana, moja inatupa mvua nyingi, nyingine kidogo. Kuziamua tunahitaji vituo vya kupimia mvua, na vya kwetu vimepungua sana tangu uhuru.